NYUMBA NA JAMAA: Shanta la Kupandia Ruwenzori

Likizo ya askari ina desturi zake. Wako wanaoitumia kulima, wako wanaoitumia kuwatembelea wazee, na wako, hasa vijana, ambao baada ya miezi mingi ya lindo hutamani kuona mahali ambapo hakuna filimbi ya asubuhi. Magharibi ya Uganda tamaa hiyo huelekea mara nyingi mahali pamoja: Milima ya Ruwenzori, ambayo siku za anga safi huonekana kutoka bondeni ikiwa imevaa weupe kichwani. Safari hiyo ni njema, nayo yastahili sifa. Lakini haianzii mlimani. Huanzia chumbani, juu ya jamvi, siku shanta linapopakiwa. Na aliyekosea juu ya jamvi hulipa kosa hilo juu ya mwamba, mahali ambapo hakuna duka wala jirani wa kuazima.

Baridi chini ya Ikweta

Milima hiyo imesimama karibu na mstari wa Ikweta, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake kirefu, Margherita, kilichoko katika Mlima Stanley, kina meta 5,109. Katika Afrika nzima ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayokipita. Watu wa kwanza wanaojulikana kufika juu yake ni Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia na wenzake, mwaka 1906, nao wakakipa kilele jina la malkia wao. Barafu waliyoikuta wakati ule imeyeyuka kwa sehemu kubwa, na iliyobaki ni kidogo. Hata hivyo asidhani mtu kwamba baridi nayo imeondoka pamoja na barafu.

Hesabu yake ni rahisi. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila meta 1,000 za kupanda. Mji wa Kasese uko chini kidogo ya meta 1,000. Kibanda cha Elena, ambapo wapandaji hulala usiku wa kuamkia siku ya kilele, kiko juu ya meta 4,500. Kwa hiyo mchana ambao Kasese kuna joto la nyuzi 30, kule juu huwa nyuzi 9 hivi, na usiku maji huganda ndani ya chupa.

Jambo la pili ni mvua. Miezi ya Desemba hadi Februari, na ya Juni hadi Agosti, ndiyo yenye afueni. Lakini hata katika miezi hiyo mvua haikosi, na bonde la Bigo lina matope yanayomeza mguu hadi gotini. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Baridi kavu huvumilika. Baridi iliyoshikana na maji na upepo huweza kuua hata pale ambapo maji hayajaganda, kwa sababu maji huuondoa mwilini ujoto upesi kuliko hewa kwa mara nyingi.

Beseni la maji

Mfano wa koplo mmoja utafaa kulieleza jambo hili. Koplo huyo alipata likizo ya siku 14, akapanga kupanda mlima pamoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana aliyekuwa amemaliza shule na asiyewahi kulala mahali pa baridi. Alipakia shanta peke yake usiku. Alitia suruali mbili za jinzi, fulana sita za pamba, blanketi moja, redio, makopo 12 ya nyama, kilo tatu za maharage makavu, mwavuli, na chupa ya waragi, ambayo alisema ni ya kufukuza baridi. Buti zake za ngozi alizing'arisha mpaka zikatoa mwanga, kama kwamba mlimani kuna gwaride.

Asubuhi alifika mjomba wa mkewe, mzee wa Kikonzo aliyewachukulia wapandaji mizigo kwa miaka mingi kutokea Nyakalengija. Mzee aliliinua shanta kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akaomba ruhusa ya kulifungua.

"Mzee, huo ni mzigo wa mwanajeshi," akasema koplo. "Doria nimekwenda wiki tatu na mzigo mdogo kuliko huo."

"Nakubali, afande," akajibu mzee. "Lakini doria ile ilikuwa katika nyasi. Mlima hausomi cheo begani." Kisha akamgeukia mpwa wake: "Mwanangu, niletee beseni la maji, na lile sweta kuukuu la sufu."

Akaloweka fulana moja ya pamba na lile sweta, akavikamua vyote viwili kwa nguvu zilezile. Akamwambia kijana avae fulana, asimame mlangoni penye upepo. Hazikupita dakika tano kijana akawa anajikumbatia. Akavua, akavaa sweta lililoloa vilevile. Akakiri kwamba maji anayasikia, ila mwili hautetemeki kama kwanza.

"Hapa ni bondeni, saa tisa za mchana, na mama yupo jikoni na chai," akasema mzee. "Sasa ichukue hali hii uipeleke Bujuku saa mbili za usiku."

Mke wa koplo, ambaye alikuwa amesimama akitazama, hakungoja kuambiwa tena. "Baba watoto," akasema, "huyu ni mtoto wa mama yangu. Mwageni vyote, muanze upya." Koplo akamwaga vyote juu ya jamvi.

Kwanza ukavu, kisha ujoto

Kosa la koplo ni la watu wengi. Shanta lake lilikuwa limepakiwa kwa ajili ya mchana mwema. Lakini mchana mwema hauhitaji shanta. Mwenye afya aweza kuupita na shati moja. Shanta hupakiwa kwa ajili ya saa moja mbaya: mvua imenyesha, jua limetua, mmoja ameumia mguu, na kibanda kiko mbali. Kila kitu kiulizwe swali hilo moja: katika saa ile kitafanya kazi gani? Kisichokuwa na jibu kibaki nyumbani.

Cha kwanza basi ni kinga ya mvua. Kila mtu awe na koti la mvua lenye kofia, na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nguo. Mwavuli haufai, kwa maana upepo utauvunja, na mikono yahitajiwa kushika mawe na mizizi. Ndani ya shanta litandikwe kavera kubwa, imara, lisilo na tundu, na nguo zote zitiwe humo, kila seti katika kavera lake dogo. Shanta jipya la bei kubwa bila ya kavera litavuja. Shanta kuukuu lenye kavera zima litaleta nguo kavu.

Cha pili ni nguo za ujoto. Zifaazo ni za sufu au za nailoni nyepesi, zinazokauka upesi, nazo zivaliwe tabaka juu ya tabaka: fulana nyembamba, sweta, kisha koti. Pamba na jinzi hunywa maji na hazikauki. Iwepo kofia ya sufu ya kufunika masikio, jozi mbili za glavu, na jozi nne za soksi nene. Kisha seti moja kamili ya kulalia, kuanzia soksi hadi kofia, ambayo haivaliwi kamwe njiani, hata kama nguo za mchana zimeloa chepechepe. Asubuhi mpandaji atavaa tena zilizoloa, naye atanung'unika. Lakini usiku atalala mkavu, na kulala mkavu ndiko kunakomwamsha mzima.

Blanketi moja halitoshi. Utakiwao ni mfuko wa kulalia ulioshonwa kwa ajili ya baridi kali, pamoja na godoro jembamba la sponji, kwa sababu ardhi huiba ujoto wa aliyelala kuliko hewa iliyo juu yake.

Miguu

Askari hupenda buti zake, na ni haki azipende. Lakini katika matope ya Ruwenzori kiatu chenye heshima ni buti la mpira linalofika karibu na goti, lile lile avaalo mkulima shambani. Wakonzo wanaoongoza njia wamelitumia miaka mingi, na wageni waliolidharau wamejuta. Lijaribiwe nyumbani pamoja na soksi mbili, mtu atembee nalo siku kadhaa, maana buti jipya lililovaliwa mara ya kwanza njiani huleta malengelenge kabla ya kibanda cha kwanza. Viatu vigumu vya kupandia mwamba na barafu vifungwe ndani ya kavera, vitolewe kule juu tu.

Kwa wale wanaokwenda mpaka Margherita, vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu, shoka la barafu, kamba na mkanda wake, vyote hivyo hukodishwa na wanaoongoza safari. Visikodiwe kwa macho tu. Vyuma vifungwe kwenye kiatu kile kile kitakachovaliwa, bondeni, mchana. Tena iwemo miwani ya jua, kwani mwanga unaorudi kutoka barafuni huunguza macho hata siku ya mawingu, na mafuta ya kukinga ngozi, kwani ngozi nyeusi nayo huungua.

Hapa yafaa kuongeza neno kwa wenye sare. Koti na blanketi la stoo ni mali ya serikali. Havitoki kambini bila ya idhini. Wala shemeji asivalishwe koti la jeshi kwa kuwa ni zito na lina mifuko mingi. Sheria ya Uganda inamkataza raia kuvaa sare hizo, na mlima si pahala pa kuanzia kesi.

Moto, mwanga na chakula

Kila mtu awe na tochi yake, ikiwezekana ile ya kufungwa kichwani, na betri za akiba. Baridi hudhoofisha betri. Kwa hiyo usiku zilazwe ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe. Kibiriti kigawanywe mara mbili, kila nusu katika kichupa kinachofungika, kila kichupa katika shanta tofauti. Kuni zisitegemewe: miti ya hifadhi haikatwi, na iliyoanguka imelowa. Jiko dogo la gesi au la mafuta ya taa ndilo la kupikia.

Maharage ya koplo yalitolewa na mkewe mwenyewe mara alipoelezwa sababu. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa moto mdogo zaidi. Penye meta 4,500 huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Maharage makavu yatatokota usiku kucha yamalize mafuta, nayo bado yatakuwa magumu. Vinavyofaa ni vitu viivavyo upesi au visivyohitaji kupikwa: unga wa uji, sukari, majani ya chai, karanga za kukaanga, mukene wakavu, biskuti. Katika mfuko wa koti uwemo mkono mmoja wa karanga ambao haugusiwi ila katika saa mbaya. Maji ya mtoni yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

Na chupa ya waragi? Pombe humdanganya mtu. Huileta damu karibu na ngozi, anywaye akajiona amepata joto, kumbe joto la moyoni ndilo linalotoka nje. Mzee aliitoa akamkabidhi mpwa wake aifungie kabatini.

Dawa ambayo hailetwi na shanta

Mfuko wa dawa uwe mdogo: bendeji, plasta, dawa ya kusafisha jeraha, dawa ya maumivu, chumvi na sukari za kuharisha, na dawa ambazo mtu hutumia kila siku kwa amri ya daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au selimundu asiende kabla ya kumwona daktari.

Lakini yako maradhi mawili ambayo hayangoji mfuko wa dawa, na kila mpandaji sharti ayatambue kwa mwenzake, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hukana. La kwanza ni baridi kuingia mwilini. Huanza kwa kutetemeka. Kisha vidole hushindwa kufunga kifungo, ulimi huwa mzito, mtu hujikwaa na kuwa mkaidi. Kutetemeka kukikoma naye bado yuko katika baridi, asipongezwe. Huo ndio mwanzo wa hatari kubwa. Afikishwe penye kinga ya upepo, avuliwe vilivyoloa, avalishwe vikavu na kofia, atiwe ndani ya mfuko wa kulalia, na mwenzake alale ubavuni mwake. Akiweza kumeza apewe kinywaji vuguvugu chenye sukari nyingi. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu, wala asisogezwe karibu sana na moto.

La pili ni maradhi ya mwinuko, ambayo huja kwa uhaba wa hewa kuanzia meta 2,500 hivi. Kichwa huuma, chakula hukinaisha, usingizi hupotea. Hapo mtu asipande zaidi hata atakapopona. Akianza kuhema hali amekaa, au kukohoa kwa kubanwa, au kutembea kama mlevi, ashushwe mara moja. Kushuka ndiyo dawa kuu. Ugonjwa huu hauchagui mwenye mazoezi. Askari anayekimbia kilometa 10 kila asubuhi huweza kuupata kabla ya karani, hasa kwa kuwa yeye hupanda haraka. Kwa hiyo siku moja ya akiba ni kifaa cha lazima, ijapokuwa haina uzito wowote begani.

Kupanga mzigo, na haki ya mchukuzi

Mfuko wa kulalia ukae chini kabisa ya shanta. Vizito, kama chakula na jiko, vikae katikati, vimegusana na mgongo. Koti la mvua, sweta moja na kofia vikae juu kabisa, ili vitolewe bila ya kumwaga vingine mvuani. Filimbi, kisu, tochi na kichupa cha kibiriti vikae mifukoni mwa nguo, si shantani, kwa maana mtu huweza kutengana na shanta lake. Mapigo sita ya filimbi kwa dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ndiyo alama ya kuomba msaada mlimani.

Uzito wote usizidi robo ya uzito wa mwili. Kuingia katika hifadhi huwa ni kwa kibali na pamoja na kiongozi wa njia, na wengi huajiri pia wachukuzi. Hapo watu hufanya kosa lisilosemwa. Humpimia mchukuzi kilo za mzigo, wasitazame mgongo ulio chini ya mzigo huo. Mchukuzi naye ni mtoto wa mtu, na mvua haimbagui. Kabla ya kuondoka kundi liulize: kila mchukuzi ana koti la mvua? Ana blanketi la kutosha? Ana chakula chake? Anayelala kwa kutetemeka usiku hawezi kumwokoa mtu asubuhi. Mzee yule alipolieleza jambo hili sauti yake ilipungua, na koplo hakuuliza sababu. Alikwenda sokoni siku ile ile akarudi na makoti mawili ya mvua zaidi ya yale aliyoyaandika.

Karatasi iliyobaki nyumbani

Kifaa cha mwisho hakiingii shantani. Ni karatasi. Juu yake huandikwa majina ya wanaokwenda, njia watakayofuata na vibanda watakavyolala, jina la kiongozi, siku ya kurudi, na saa ambayo, ikipita bila ya habari, jamaa waende kwa wasimamizi wa hifadhi. Simu ya mkononi haitegemewi kule. Mabonde mengi hayana mawimbi. Karatasi hiyo ibaki kwa mama wa nyumba, na nakala yake iende kwa mkuu wa kikosi. Tena wenye kusafiri wapatane mbele yake kuhusu saa ya kugeuka: kwamba ikifika saa fulani, kilele kikiwa mbali au karibu, watageuka.

Mke wa koplo aliiweka karatasi chini ya taa. Siku ya nne, kule Elena, shemeji aliamka na maumivu ya kichwa yasiyopungua, akatapika chai. Anga lilikuwa safi, na kilele kilionekana. Koplo alikitazama kwa muda, kisha akafunga shanta, akateremka naye mpaka Bujuku, na kufikia jioni kijana alikuwa akila.

Walifika nyumbani siku ile ile iliyoandikwa. Makoti ya mvua yalianikwa uani, na lile kavera la nguo za akiba lilifunguliwa likiwa bado kavu. Jirani, ambaye mumewe alikuwa na likizo mwezi uliofuata, alikuja kuomba kuazima mabuti ya mpira. Alipewa, pamoja na karatasi tupu na kalamu.